Superlux HD681: trebo (sauti za juu) inachoma, besi inavuma. Nianzie wapi kuirekebisha?

Mpiga_Solo

Wakuu, naomba ushauri wa wanaozifahamu hizi hedfoni za bei nafuu. Hii ni Superlux HD681, ohm 32, mpya, mito yake bado ni ile ya ngozi bandia iliyokuja nayo. Kwa bei yake inatenganisha vyombo vizuri sana. Gitaa la solo na la rizimu kwenye sebene kila moja linasikika mahali pake, na kwenye taarab kanuni (ile ala ya nyuzi) haizami chini ya vinanda. Kwa hiyo sitaki kuitupa, nataka kuitengeneza.

Matatizo ni haya:

1. Herufi "s" na "sh" za mwimbaji zinachoma, na matoazi ya drams yanachosha masikio baada ya nusu saa hivi.
2. Besi ya chini kabisa haipo, ila pale kwenye gitaa la besi kuna uvimbe. Kila noti inavuma kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.
3. Mara nyingine upande wa kushoto unatoa mtetemo mdogo kama karatasi, hasa besi ikipigwa.

Mtandaoni wengine wanasema nibandike karatasi ya chooni mbele ya spika, wengine nijaze pamba ndani ya vikombe, wengine ninunue mito ya mahameli, wengine nibadilishe waya mzima. Vyote kwa pamoja? Kipi kinafanya kazi kweli? Vifaa nilivyonavyo: pasi ya kulehemu ya wati 40, mita ya kawaida, laptop ya Windows na simu ya Android isiyo na tundu la 3.5 mm.

Fundi_Waya

Mkuu, usianze na mkasi. Anza na kupima, la sivyo utabadilisha vitu vitano na hutajua kipi kimeleta nafuu na kipi kimeharibu.

Pakua programu yoyote ya bure ya kutoa mlio safi wa masafa, kwenye laptop au simu. Weka sauti ya chini, kwa sababu mlio safi wa 8000 Hz unaumiza sikio hata kama hausikiki mkubwa. Kisha fanya hivi.

Anza na 500 Hz upate kiwango cha kulinganishia. Panda taratibu kutoka 4000 hadi 11000 Hz, ukisimama kila palipozidi makali, na uandike namba. HD681 inajulikana kwa kilele, yaani pale sauti inapozidi nyingine, karibu na 8000 hadi 9000 Hz, lakini usichukue namba ya mtu mwingine, maana umbo la sikio lako na jinsi mto unavyokaa vinakihamisha. Ukishapata namba, sogeza hedfoni mbele kama sentimita moja, kisha nyuma, kisha juu. Kilele kikihama au kikipungua sana, sehemu kubwa ya tatizo ni nafasi kati ya spika na sikio, yaani mto. Kikibaki palepale, ni spika yenyewe. Kipimo hiki kidogo kinakuokolea hela nyingi, na watu wengi hukiruka.

Halafu shuka kutoka 200 hadi 20 Hz. Bonyeza vikombe kwa viganja taratibu, bila nguvu. Besi ya chini ikirudi ghafla ukibonyeza, hewa inavuja kati ya mto na shavu. Miwani, rasta, kilemba, hata kichwa chembamba chini ya masikio, vyote vinafungua mwanya. Kwenye HD681 angalia pia zile raba za kunyumbuka zinazovuta mkanda wa kichwani. Zikiwa ngumu zinanyanyua vikombe juu, na mto unaachia chini ya ndewe, na hapo hakuna karatasi wala pamba itakayorudisha besi.

Kuhusu mtetemo wa kushoto, toa mlio wa 40 Hz, kisha 60, kisha 90, upande mmoja mmoja. Kama unatetemeka kwenye kushoto tu, usifanye kitu kingine chochote kabla ya kumaliza hilo. Leta majibu hapa tuendelee.

Mpiga_Solo

Asante sana mkuu. Majibu:

Kilele kipo 8300 Hz, upande wa kulia na wa kushoto. Nikisogeza hedfoni mbele kinapungua lakini hakiishi. Kuna kingine kidogo karibu na 5500.

Nikibonyeza vikombe, 30 Hz inarudi kidogo, si sana. Uvimbe wa besi uko kati ya 90 na 130 Hz.

Mtetemo upo kushoto tu, kwenye 40 na 60 Hz. Kulia ni safi.

Bi_Sauti

Kushoto kuna unywele. Mara nyingi sana ndiyo hivyo: unywele mfupi, au uzi wa kitambaa, unapita kwenye vitundu vya mbele na kulala juu ya kiwambo. Kiwambo ni plastiki nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na besi inapokisukuma huku na huku, unywele unagonga.

Ng'oa mto kwa kuuvuta ukingo wake kutoka nyuma ya mdomo wa kikombe, polepole kuzunguka, usianze kwa kucha pale ulipo mshono. Toa kile kitambaa chembamba au sponji iliyo mbele ya spika. Mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, si moja kwa moja, unywele utaonekana kwa kivuli chake. Uchomoe kwa kibano cha plastiki au kijiti cha mianzi chenye selotepu kidogo kwenye ncha, gundi ikitazama nje.

Kibano cha chuma usikikaribishe. Sumaku ya spika iko milimita chache tu nyuma ya kiwambo na itakivuta kibano mkononi mwako kabla hujajua. Ncha ikitoboa au kukunja kiwambo, spika hiyo imekwisha. Usipulize kwa mdomo (mate), wala usitumie pampu ya baiskeli au kompresa ya gereji. Presha yake inageuza kiwambo ndani nje.

Kama hakuna unywele na mtetemo upo, angalia nyaya nyembamba nyuma ya spika. Zikigusa kikombe hulia hivyohivyo. Kipande cha plasta ya karatasi kinazituliza.

Fundi_Waya

Hapo Bi Sauti amemaliza. Sasa trebo.

Kilele chako kinapungua ukisogeza lakini hakiishi, maana yake ni vyote viwili, spika na nafasi. Urefu wa wimbi la 8300 Hz hewani ni karibu sentimita 4, na robo yake ni sentimita moja tu. Kwa hiyo kitu chembamba kikiwekwa karibu na spika kinaweza kweli kuitawala trebo. Kwa besi ni tofauti kabisa: wimbi la 100 Hz lina mita 3.4. Ndiyo maana wanaojaza pamba kikombeni wakidhani wataimeza besi wanapoteza pamba. Pamba ndani ya kikombe hutuliza mwangwi wa sauti za kati na za juu unaorudi kutoka ukutani mwa kikombe. Besi inatawaliwa na vitundu na mto.

Karatasi mbele ya spika inafanya kazi, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Fanya hivi:

Chukua karatasi ya chooni yenye safu mbili, isiyo na manukato wala losheni. Zitenganishe safu, tumia moja tu. Kata duara la kipenyo cha sm 5 hadi 5.5, lifunike eneo lote la vitundu vya mbele ya spika na kuzidi kidogo. Libandike kwa vipande vinne vidogo vya plasta ya karatasi, ile ya famasi inayotumika kushikia bandeji, kwenye ukingo tu. Rudisha kitambaa chake, rudisha mto.

Kwanza fanya upande wa KULIA PEKE YAKE. Kwenye Android nenda mipangilio ya ufikivu, washa sauti ya mono (pande zote mbili zitoe kitu kimoja), na palepale kuna kitelezi cha kuhamisha sauti kushoto au kulia. Cheza wimbo mmoja wenye mwimbaji na matoazi, hamisha kitelezi kushoto, kulia, kushoto. Hapo unalinganisha iliyotengenezwa na isiyotengenezwa ndani ya sekunde moja, na kumbukumbu haikudanganyi. Zingatia kiwango cha sauti, kwa sababu upande wenye karatasi utakuwa chini kidogo, na sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa. Uongeze kidogo mpaka mwimbaji awe sawa pande zote ndipo uamue.

Safu moja haikutosha? Ongeza ya pili. Safu ya tatu mara nyingi inazima uhai wa kanuni na nyuzi za gitaa, na sauti za waimbaji zinakuwa kama zimefunikwa blanketi. Ukifika hapo rudi nyuma.

Mambo yanayoharibu kazi: karatasi iliyolegea ikigusa kiwambo (italia kama ule unywele), karatasi iliyofunika upande mmoja zaidi ya mwingine, na kutumia selotepu ya plastiki badala ya plasta ya karatasi. Plasta ya karatasi inapitisha hewa, selotepu haipitishi, na hiyo tofauti ndiyo kila kitu.

Kijana_wa_Pwani

Naongeza kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Karatasi ya chooni inanyonya jasho na unyevu. Ikilowa na kukauka mara kadhaa inakuwa ngumu na inabadilisha sauti upande mmoja kabla ya mwingine. Badilisha zote mbili kwa wakati mmoja kila baada ya miezi michache. Au tumia kitambaa cha barakoa ya hospitali: ina safu tatu, chukua ile ya kati nyeupe au ya nje ya bluu, safu moja moja, ujaribu. Hainyonyi unyevu na haichaniki ovyo. Safu ya kati ni nzito kuliko unavyodhani, inakata trebo zaidi ya karatasi, kwa hiyo anza na ya nje.

Na mafuta ya nywele yanaila ngozi bandia. Futa mito kwa kitambaa chenye maji kidogo kila wiki, usitumie spiriti, inaikausha na kuipasua.

Mzee_Ohm

Habari zenu wote. Mimi natofautiana kidogo na utaratibu wa Fundi Waya. Kabla ya karatasi, kijana aweke ikweliza kwanza, yaani programu ya kupandisha na kushusha masafa. Sababu ni kwamba ikweliza ni bure, inarudishika kwa kubofya, na itakuonyesha ni kiasi gani cha trebo unataka kuondoa. Ukishajua ni desibeli 6, unajua karatasi inatakiwa ifikie wapi.

Kwenye Windows pakua Equalizer APO. Ukishaiweka na kuchagua kifaa chako cha sauti, fungua faili la config.txt ndani ya folda ya config ya programu hiyo, ufute yaliyomo, uandike:

Preamp: -3 dB
Filter: ON PK Fc 8300 Hz Gain -6 dB Q 3
Filter: ON PK Fc 5500 Hz Gain -2 dB Q 3
Filter: ON PK Fc 110 Hz Gain -3 dB Q 0.8
Filter: ON LSC Fc 45 Hz Gain 3 dB Q 0.7

Hifadhi, sauti inabadilika papo hapo. Namba za 8300, 5500 na 110 ni zako ulizozipima, ndiyo maana nimezitumia. Mwingine asizinakili, apime zake. Hiyo Q ni wembamba wa kilele, yaani 3 ni kilele chembamba na 0.8 ni kipana. Mstari wa mwisho unapandisha besi ya chini kabisa kwa desibeli 3, na Preamp ya -3, yaani kushusha sauti yote kwa jumla, ipo ili kupisha hilo ongezeko. Ukiisahau, muziki uliorekodiwa kwa nguvu utakatwa vichwa na utasikia mikwaruzo ambayo utailaumu hedfoni bure. Kanuni: Preamp ishuke angalau sawa na ongezeko kubwa kuliko yote.

Usijaribu kuivuta besi ya 25 Hz kwa desibeli 10. Hii ni hedfoni nusu wazi, hewa inapita, na spika inafika mwisho wa safari yake kabla ya kukupa unachotaka.

Kwenye simu, programu ya ikweliza ya Wavelet ni nzuri. Inatumia hazina ya AutoEq yenye vipimo vya hedfoni nyingi sana, na vipimo hivyo huvutwa kuelekea mkunjo wa Harman, ule uliotokana na utafiti wa Sean Olive na Todd Welti kuhusu sauti ambayo wasikilizaji wengi huipenda. Tafuta jina la modeli yako ndani yake. Lakini kumbuka: ukishabandika karatasi au kubadilisha mito, mkunjo ule si wa hedfoni yako tena. Hapo urudi kwenye masikio yako.

Fundi_Waya

Mzee Ohm, nakubali kuanza na ikweliza kama njia ya kupima. Nisichokubali ni kuiachia ikweliza kazi yote. Anayesikilizia simu leo, redio kesho, mikseri ya studio keshokutwa, hawezi kubeba config.txt. Karatasi inakwenda na hedfoni.

Mzee_Ohm

Hapo tuko pamoja. Karatasi ishushe kilele, ikweliza imalizie.

Halafu hujamuuliza anachomekea wapi. Simu yake haina tundu. Mpiga Solo, adapta za USB-C kwenda 3.5 mm ziko aina mbili. Moja ni waya mtupu, inategemea simu itoe sauti ya analogi kupitia tundu la USB-C, na simu nyingi haziwezi, utaambulia kimya au ujumbe wa kifaa kisichotambulika. Nyingine ina chipu ya kugeuza sauti ndani yake. Nunua hii ya pili. Ukiichomeka kwenye laptop ionekane kama kadi ya sauti mpya. Isipoonekana, ni waya mtupu.

Nguvu isikutishe. HD681 imeandikwa desibeli 98 kwa miliwati 1, na kwa ohm 32 hiyo ni volti 0.18 tu. Ukitaka kufika kilele cha desibeli 110 unahitaji volti 0.72 hivi. Adapta nyingi zenye chipu zinafika hapo au karibu. Anayekuuzia amplifaya kwa ajili ya hedfoni hii kwa kisingizio cha "nguvu" anakuongezea gharama. Kinachodhuru sauti zaidi ni kifaa chenye ukinzani mkubwa kwenye tundu lake la kutolea sauti, kama redio kubwa za zamani. Kanuni ya mafundi ni ukinzani huo usizidi moja ya nane ya ule wa hedfoni, yaani ohm 4 kwa hii yako.

Na Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama. Kwenye desibeli 90 inashuka kuwa saa 4 tu. Trebo ikishatulia watu huongeza sauti bila kujua, kwa hiyo angalia.

Mpiga_Solo

Kwa hiyo mito ya mahameli niiache? Kuna mtu ananiuzia ya Beyerdynamic DT 770 ya kuiga, anasema inaingia.

Bi_Sauti

Inaingia, na ya AKG K240 pia. Mito ya duara ya kipimo hicho huvuka modeli nyingi za aina hii. Pima kwanza ukingo wa kikombe chako kwa rula, mto ukiwa mdogo kwa milimita 3 unanyumbuka na kuingia, ukiwa mkubwa unazunguka na kuvujisha hewa.

Ila ujue unachonunua. Mto ndiyo badiliko kubwa kuliko yote kwenye hedfoni, kubwa kuliko karatasi na mara mia zaidi ya waya. Unabadilisha vitu vitatu kwa mpigo.

Umbali. Mito ya asili ya HD681 ni mifupi na sikio linagusa kitambaa. Mto mnene unasogeza sikio mbali, kile kilele cha 8300 kinahama, na jukwaa la sauti (hisia ya upana wa muziki) linapanuka. Kwako, kwa kuwa kilele kilipungua uliposogeza, hili litakusaidia.

Uvujaji. Mahameli inapitisha hewa, ngozi bandia haipitishi. Besi itashuka. Uvimbe wako wa 90 hadi 130 utapungua, jambo ambalo unalitaka, lakini na ile 30 Hz ambayo tayari ni haba itapungua zaidi.

Sakafu ya ndani. Mito mingine ina kitambaa kinene kinachofunika spika, mingine iko wazi. Kile kinene ni sawa na kuongeza karatasi. Ukiweka mito hiyo juu ya karatasi mbili, utasema hedfoni imekufa. Ondoa karatasi zote kwanza, vaa mito, sikiliza, kisha urudishe moja ikihitajika.

Kwa joto letu mahameli ni raha kuliko ngozi bandia, hilo halina ubishi. Ukitaka raha hiyo bila kupoteza besi yote, tafuta mito mchanganyiko, yaani mahameli upande unaogusa uso na ngozi bandia pembeni kuzunguka. Na usinunue isiyo na kipimo cha unene. Chini ya sm 2 hutaona faida ya umbali.

Kuna njia ya bure ya kujaribu kabla ya kununua. Kata vipande vya sponji upana wa sm 1, uvisokote, uviingize chini ya ukingo wa mto wa sasa kuzunguka ili uunyanyue milimita 4 au 5. Nyuma ya sikio weka zaidi kuliko mbele, spika itainama kidogo kuelekea sikioni. Ukipenda unachosikia, mito minene itakufaa.

Kijana_wa_Pwani

Na uvimbe wa besi wenyewe? Kuna wanaosema azibe vitundu.

Fundi_Waya

Vitundu ni vya aina mbili na vinafanya kazi kinyume, ndiyo maana ushauri wa mtandaoni unagongana.

Kuna vitundu kwenye ile sahani ya plastiki inayoshikilia spika, upande wa sikio, vinavyounganisha mbele na nyuma. Hivi vinaachia besi. Ukiviziba besi inaongezeka. Mpiga Solo asiviguse.

Kuna vitundu nyuma ya spika yenyewe, vimezibwa kwa karatasi au kitambaa cheupe kilichobandikwa kuzunguka. Hivi ndivyo breki ya kiwambo. Ile karatasi ikitoka, breki inaondoka na besi inavuma ovyo, kwa hiyo usiibandue hata kwa bahati mbaya. Ukiifunika kwa kiasi, kiwambo kinakuwa kigumu kusukuma na ule uvimbe unapungua. Tumia plasta ya karatasi ya famasi, robo ya mzunguko kwanza, spika zote mbili kiasi kilekile na upande uleule. Sikiliza mlio wa 110 Hz dhidi ya 500 Hz. Kisha nusu. Usizibe zote, besi inapotea na sauti za kati zinakuwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

Ili kufika huko lazima ufungue. Mto utoke, skrubu ndogo zitoke kwa bisibisi ya nyota ndogo, uzipange mezani kwa mpangilio. Inua sahani taratibu, maana nyaya ni fupi. Piga picha kabla ya kugusa. Upande wa kushoto ndiko waya unaingilia, na sauti ya kulia inavuka juu ya kichwa kutoka hapo. Ukikata nyuzi za kuvuka, upande wa kulia unakufa.

Hii ni hatua ya mwisho, baada ya mto na karatasi. Mara nyingi hutaihitaji.

Mzee_Ohm

Na waya, kwa kuwa aliuliza. Kubadilisha waya hakubadilishi sauti ya hedfoni ya ohm 32 kwa kiasi cha kusikika. Badilisha waya ukiharibika, au ukitaka uwe mfupi, au uchomoke. Wanaouza waya wa fedha kwa bei ya hedfoni tatu, waacheni.

Ukiharibika, mita itakuambia bila kufungua kitu. Weka kwenye ohm, gusa pini ya jeki. Ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, mwili ni waya wa pamoja. Ncha na mwili utasoma karibu 30. Pete na mwili karibu 30. Ncha na pete karibu 60. Utasikia mkwaruzo mdogo sikioni unapogusa, ni kawaida.

Ncha na mwili ikikataa kusoma, pete na mwili ikikataa pia, lakini ncha na pete ikisoma 60, waya wa pamoja umekatika. Dalili yake masikioni ni ya ajabu: mwimbaji anapotea na vyombo vya pembeni vinabaki, kama karaoke. Ni kwa sababu spika mbili zimebaki zimeungana mfululizo na unasikia tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Watu hutupa hedfoni nzima kwa tatizo la sentimita mbili karibu na jeki.

Kurekebisha: kata waya sm 3 kutoka kwenye jeki ya zamani, weka jeki mpya. INGIZA KIFUNIKO CHA JEKI KWENYE WAYA KWANZA. Nyuzi za ndani mara nyingi zimepakwa vanishi ya rangi, na risasi haishiki juu ya vanishi. Wekea tone kubwa la risasi kwenye pasi, zamisha ncha ya nyuzi sekunde 3 hadi 5 mpaka moshi utoke na rangi ya fedha ionekane. Pasi ikishindwa, pitisha moto wa kiberiti sekunde moja, futa masizi kwa msasa laini. Nyekundu kwa kawaida ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, shaba ni ya pamoja, lakini thibitisha kwa mita, maana viwanda havifuati sheria moja.

Ukilazimika kulehemu kwenye spika yenyewe, gusa sekunde mbili, acha ipoe, rudia. Plastiki ya pale inayeyuka na nyuzi za koili ni nyembamba kuliko unywele. Na ncha ya pasi ina chuma, sumaku itaivuta. Funika mbele ya spika kwa kadi ngumu na ushike pasi kwa mikono miwili. Ukigeuza chanya na hasi upande mmoja, mwimbaji hatakaa katikati na besi itakwisha. Cheza wimbo kwa mono, sauti isipokuja katikati ya kichwa, geuza nyaya za upande mmoja.

Mpiga_Solo

Mrejesho wakuu. Kushoto ulikuwa unywele kweli, mfupi kama punje ya mchele, nimeutoa kwa kijiti na 40 Hz iko safi.

Ikweliza ilionyesha nataka kupunguza 8300 kwa desibeli 6. Karatasi safu moja nikailinganisha kwa mono, nikaona inafika kama nusu ya hapo. Safu mbili ilikaribia lakini kanuni ikapoa, nimerudi kwenye moja. Sponji chini ya mto imenyanyua, kilele kimehamia karibu 7900 na kimekuwa kipana zaidi. Kwa hiyo nimebadilisha mstari uwe Fc 7900, Gain -3, Q 2. Ile ya 5500 nimeifuta, haikuhitajika tena. Vitundu sijagusa.

Swali la mwisho: nikinunua mito minene, sponji niitoe?

Bi_Sauti

Itoe. Sponji na mto mnene pamoja vinausogeza mto mbali na mdomo wa kikombe, unaanza kuchomoka ukivua hedfoni. Isipokuwa kipande kimoja cha nyuma ya sikio, hicho kiache kama unapenda ule mwinamo. Ukishaivaa mito mipya subiri siku mbili tatu kabla ya kugusa ikweliza, sponji ya mto hulegea na kuchukua umbo la kichwa, na uvujaji wa siku ya kwanza si ule wa siku ya tatu.